Mwanangu, huyo Simcoe alikuwa mtu wa namna gani

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema hapo Toronto Jumatatu ya kwanza ya Agosti mnapumzika, siku yenyewe wanaiita ya Simcoe, na mwenzako kazini kakwambia huyo ndiye aliyefuta utumwa Kanada. Ukaniuliza: "Mama, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona baadaye alikwenda kupigana Haiti?" Nimefundisha historia miaka mingi, na swali hili limenikosesha usingizi.

John Graves Simcoe alizaliwa Uingereza mwaka 1752. Baba yake, nahodha wa manowari, alifariki mwaka 1759, mtoto akiwa na miaka saba tu. Akakua, akawa askari, akapigana upande wa Mfalme Wamarekani walipodai uhuru wao, kisha akaingia Bungeni. Mwaka 1791 akateuliwa Luteni Gavana wa Upper Canada, ambayo leo ni Ontario. Utumwa alikuwa akiuchukia kabla hajafika huko, hilo simnyang'anyi.

Lakini anayenishika moyo mimi ni Chloe Cooley. Tarehe 14 Machi 1793, kando ya mto Niagara, mkulima mmoja, Adam Vrooman, alimfunga kamba mwanamke huyo, aliyekuwa mtumwa wake, kisha Vrooman na wasaidizi wake wakamtia mashuani, wakamvusha kwenda kumuuza upande wa Marekani. Chloe alipiga mayowe, akapigana nao, na ng'ambo ya pili mtu alikuwa amesimama ukingoni akimsubiri. Peter Martin, mtu mweusi aliyepata kuwa askari katika kikosi cha Butler's Rangers, hakunyamaza. Wiki moja baadaye, tarehe 21 Machi, alisimama mbele ya Baraza la Gavana akaeleza yaliyotokea. Simcoe alikuwapo, na Jaji Mkuu William Osgoode alikuwapo. Martin alimleta na shahidi, William Grisley, aliyekuwa ndani ya mashua ile ile. Fikiria, mwanangu, mtu mweusi wa zama zile kwenda kumshtaki mzungu mwenye shamba mbele ya Gavana!

Vrooman alishtakiwa, kesi ikafa. Kisheria Chloe alikuwa mali yake, sawa na ng'ombe zizini. Hapo ndipo Simcoe alipotaka sheria. Mwanasheria Mkuu John White akapeleka muswada kwenye Bunge la Upper Canada, na Bunge lenyewe lilikuwa na wajumbe 16, wasiopungua sita kati yao wakimiliki watumwa. Ilipopitishwa tarehe 9 Julai, sheria ilikuwa imekwisha kupunguzwa makali. Ilikataza kuingiza watumwa wapya. Waliokwisha kuwa watumwa wabaki hivyo hivyo hadi kufa. Mtoto atakayezaliwa na mama mtumwa baada ya hapo aachiwe akifika miaka 25. Piga hesabu: kichanga cha mwezi uliofuata angekuwa huru mwaka 1818.

Kwa hiyo mwenzako amekosea. Siku ile hakufunguliwa mtu hata mmoja. Hata mwaka 1806 Peter Russell, aliyeshika uongozi wa jimbo Simcoe alipoondoka, alitangaza gazetini, katika mji huo huo unaokaa wewe, kwamba anamuuza Peggy, mwanamke wa miaka kama 40, kwa dola 150, na mwanawe Jupiter, wa miaka kama 15, kwa dola 200. Mwenye kulipa taslimu apunguziwe robo. Mama na mwana! Utumwa wa Dola ya Uingereza ulikuja kufutwa kwa sheria iliyoanza kazi tarehe 1 Agosti 1834.

Huku kwetu twaujua ukombozi wa namna hiyo. Mwaka 1897 Unguja ilipofuta utumwa, ilimbidi mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na masuria wakaachwa nje hadi 1909.

Na Haiti? Ni kweli. Mwaka 1797 alipelekwa kuongoza majeshi ya Uingereza Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo, dhidi ya Toussaint Louverture, kiongozi wa watumwa walioasi, mahali ambapo Waingereza walikuwa wakiwalinda matajiri wa miwa na watumwa wao. Hakukaa mwaka, akarudi mgonjwa. Kwa maoni yangu, Upper Canada watumwa walikuwa wachache, na kuwaonea huruma hakukumgharimu Mfalme. Sukari ilikuwa jambo jingine. Ofisa alipoamriwa alikwenda, na hilo namlaumu hadi leo.

Mapumziko yakifika, wapeleke wajukuu zangu Niagara. Waoneshe mto, upana wake, na ng'ambo inavyoonekana karibu. Wasimulie habari za Chloe na za Peter Martin kabla hujamtaja Gavana. Baada ya mashua ile kufika ng'ambo, hakuna karatasi inayomtaja Chloe tena.

Nipigie ukirudi.

Mama yako