Mahindi yaliyooza si chakula cha ng'ombe

Msimu wa mavuno, kuanzia Mbozi hadi Kilolo huku Nyanda za Juu Kusini, mahindi huchambuliwa uani: mazuri yanaingia ghalani, yaliyooza yanawekwa kando kwa ajili ya ng'ombe. Wafugaji wenzetu, rundo hilo ndilo la kuogopa. Punje zilizooza, zilizopasuka au kutobolewa na wadudu hubeba sehemu kubwa ya sumukuvu (sumu inayotolewa na kuvu) ya mavuno yote, na ng'ombe mmoja wa maziwa analishwa zote kwa wiki chache.

Sumu hiyo haiishii tumboni mwake. Aflatoksini B1, mojawapo ya sumukuvu hizo, ikifika kwenye ini, sehemu yake hugeuzwa kuwa aflatoksini M1, na ndani ya siku moja au mbili inaonekana kwenye maziwa. Kuchemsha hakuiondoi, kugandisha mtindi hakuiondoi. Wanaokunywa maziwa mengi zaidi nyumbani ni watoto.

Wengi huku kwetu hudhani baridi inatukinga. Ni kweli kuvu wa Aspergillus, anayetoa aflatoksini, hupenda joto na ukame. Ila mashudu ya alizeti tunayolisha mara nyingi yametoka mikoa yenye joto, na yanaweza kuja na aflatoksini yake. Isitoshe kuna Fusarium, kuvu mwingine anayestawi kwenye ubaridi na unyevu. Mvua ikichelewa kukatika, kama inavyotokea Rungwe na Njombe, huyu huingia kwenye gunzi likiwa bado shambani. Sumu yake moja, zearalenoni, hufanya kazi kama homoni ya kike: mtamba anavimba uke, anaonyesha joto bila mpangilio, anapandishwa tena na tena bila kushika mimba. Mwenye ng'ombe anamlaumu mhimilishaji, yaani mtaalamu anayepandikiza mbegu, kumbe tatizo liko kwenye kihondi, chombo cha kulishia.

Aflatoksini hujionyesha kwa njia nyingine: ng'ombe anapunguza kula, maziwa yanashuka, manyoya yanasimama, anahara, na hata chanjo haimkingi vizuri kwa sababu kinga ya mwili imedhoofika. Ndama huumia zaidi. Minyoo na ndigana (ugonjwa unaoenezwa na kupe) huleta dalili zinazokaribiana na hizi, kwa hiyo andika kwenye kila kiroba tarehe uliyokifungua. Maziwa yakishuka siku chache baada ya kiroba kipya, una pa kuanzia.

Pumba zinahitaji uangalifu kuliko chochote. Mahindi yakikobolewa, sumu nyingi hubaki kwenye ganda na kiini, yaani kwenye pumba zenyewe. Unaponunua, zamisha mkono hadi katikati ya kiroba: ukikuta joto, mabonge au harufu ya uvundo, kiache. Hata hivyo pumba zenye sura nzuri zinaweza kuwa na sumu, kwani kuvu hufa na sumu ikabaki. Ndiyo maana kupepeta, kuanika upya au kuchanganya mbovu na nzuri hakusaidii; unaisambaza tu.

Kabla ya kuhifadhi mahindi, tumia chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, kisha subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, umeshuka chini ya hapo, lakini endelea kidogo kuanika kwenye turubai, maana lengo ni asilimia 13.5 au chini yake. Viroba viwe juu ya vichanja, mbali na ukuta. Masika nunua pumba za kutosha wiki mbili au tatu tu.

Saileji, yaani malisho mabichi yaliyoshindiliwa na kufungiwa bila hewa, huharibiwa na hewa ikiingia. Kata mahindi punje zikiwa nusu zimekomaa, katakata vipande vya sentimita 2 hadi 3, shindilia kila tabaka la sentimita 15, funika siku hiyohiyo au kesho yake. Ukishafungua, toa walau sentimita 15 kila siku kwenye uso wote. Penye kuvu, ondoa pamoja na sehemu inayozunguka, ukafukie. Usiwatupie nguruwe wala bata, hao hudhurika haraka kuliko ng'ombe.

Udongo wa bentonaiti unaochanganywa kwenye chakula hunasa aflatoksini vizuri, lakini kwa zearalenoni ni dhaifu. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, na usiufanye ruhusa ya kulisha vilivyooza.

Ukishuku, acha chakula hicho leo, mpe majani makavu safi na maji ya kutosha. Chota kidogokidogo kutoka viroba kadhaa hadi upate kilo moja, weka kwenye mfuko wa karatasi, si nailoni, na umwone afisa mifugo akuelekeze maabara. Maziwa huanza kusafika siku 3 au 4 baada ya kubadilisha chakula. Kabla hayajasafika usiuze, usinywe, na ndama naye asipewe.