Kupimwa ubongo kwa sumaku

Swali: Baba anatetemeka mkono. Daktari anataka kumpima ubongo kwa sumaku. Kipimo hicho kinaonyesha nini?

Jibu: Koili, yaani waya uliozungushwa unaotoa mipigo ya sumaku, huwekwa kichwani, juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono, na elektrodi, vibandiko vya kunasa umeme wa msuli, hubandikwa kwenye msuli ulio kati ya kidole gumba na cha shahada. Hutafutwa nguvu ndogo kabisa ya mpigo inayoamsha msuli uliotulia kwa angalau mikrovolti 50 (umeme mdogo sana), mara 5 kati ya 10. Msuli ukikazwa hata kidogo, jibu la msuli huwa kubwa kuliko kawaida na kipimo huharibika. Kwa anayetetemeka, hapo ndipo penye kazi. Kisha hupigwa mipigo miwili iliyoachana milisekunde 2 hadi 3: wa kwanza, dhaifu, hufifisha jibu la wa pili. Kwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, ufifishaji huo mara nyingi hupungua, lakini hata kwenye distonia, ugonjwa wa misuli kujikaza yenyewe, hupungua, kwa hiyo peke yake hautoshi kutaja ugonjwa. Kama baba ana chuma kichwani, betri ya moyo au kifafa, mwambieni daktari kabla.