Jibu: KTM 690 SMC R kwa lami na vumbi la Moshi

Kaka, umeuliza kama pikipiki ya KTM 690 SMC R itakufaa kwa lami ya Moshi–Arusha na njia za vumbi za Kibosho. Kwa lami, chukua bila wasiwasi. Silinda moja, cc 693, nguvu za farasi zaidi ya 70 kwa matoleo ya karibuni, tena nyepesi. Ukivuta mafuta ukitoka kwenye tuta inaruka kama swala.

Shida iko chini. Rimu zote mbili ni inchi 17 na tairi zake ni pana, za lami, kashata zake (michoro ya juu ya tairi) hazina meno. Kiangazi kilichopita nilipanda Kibosho na pikipiki ya aina hiyo. Kwenye kona moja vumbi lilikuwa laini kama unga wa sembe. Tairi la mbele likateleza ghafla, nikaishia migombani, mkono wa klachi ukavunjika. Masika ndiyo usijaribu kabisa.

Kama nusu ya safari zako ni vumbi, tafuta ndugu yake, 690 Enduro R. Injini ileile, ila rimu ya mbele ni inchi 21, nyuma 18. Mawe na makorongo inayapita. Viti vya zote viko juu, sentimita 90 hivi au zaidi, kwa hiyo ikalie kwanza kabla hujatoa hela.