Vim niliyoikompaili inaonyesha -python3: ilikonipotezea siku mbili

Mkuu, umesema umekompaili Vim, kile kihariri cha maandishi, kutoka soskodi, `make install` ikapita bila kosa, lakini plagini inagoma na `vim --version` inaonyesha `-python3`. Alama hiyo ya kutoa maana yake lugha ya Python haimo kabisa kwenye programu uliyoijenga. Acha kuhangaika na vimrc (faili ya mipangilio ya Vim), hakuna utakachokipata humo.

Tatizo ni configure, skripti inayokagua mfumo wako kabla ya ujenzi. Ukiipa `--enable-python3interp` na isipate inachohitaji, haisimami. Inaandika mstari mmoja katikati ya mamia, inaendelea na safari, mwishowe unapata Vim nzima isiyo na Python. Ndiyo maana siku hizi siiendeshi bila `--enable-fail-if-missing`. Kitu kikikosekana, kazi inakatika palepale.

Mara nyingi kinachokosekana si Python yenyewe. Python inayoendesha skripti zako haitoshi. Vim imeandikwa kwa C, kwa hiyo inataka faili za vichwa vya C za Python ili ijengwe nazo. Kwenye Debian na Ubuntu weka `python3-dev` na `libncurses-dev`, kwenye Fedora `python3-devel` na `ncurses-devel`.

Mimi hivyo vyote nilikuwa navyo, na bado iligoma. Kumbe nilikuwa na Python nyingine niliyoijenga mwenyewe, nayo ilitangulia kwenye PATH, yaani orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu. configure ikaikamata hiyo, ikaijaribu, ikaandika `PYTHON3 DISABLED`. Nikaielekeza kwenye Python ya mfumo, jibu likawa lilelile! Hapo ndipo siku ya pili ilipoishia. configure hutunza majibu yake ndani ya `src/auto/config.cache`, na ukiirudia inasoma ya zamani badala ya kukagua upya. Kwa hiyo anza na kufagia:

`make distclean`
`./configure --with-features=huge --enable-python3interp=dynamic --with-python3-command=/usr/bin/python3 --enable-fail-if-missing --prefix=$HOME/.local`
`make && make install`

Neno `dynamic` nimeliweka makusudi. Maktaba ya Python inapakiwa pale tu inapoitwa, hivyo siku mfumo ukipandisha toleo la Python, Vim yako itafunguka kama kawaida na utaweza kuhariri, ingawa amri za Python zitakufa mpaka uijenge tena. Ukitaka Lua pia, ongeza `--enable-luainterp` na kifurushi chake cha ujenzi.

Ukimaliza, andika `hash -r` ili shell isahau njia ya Vim ya zamani, kisha `which vim` uone kama si ile ya mfumo inayofunguka. Usiridhike na `+python3/dyn`, kwa sababu hiyo inathibitisha ujenzi tu. Fungua Vim uandike `:echo has('python3')`. Ikijibu 1, plagini yako itaiona Python. Ikijibu 0, weka hapa matokeo ya `grep -i python src/auto/config.log` tuyasome pamoja.