Kabla Hujatangaza Kuwa Umepata Haidrojeni

Kila anayeingia kwenye utafiti wa haidrojeni asilia, yaani gesi inayojitengeneza yenyewe ardhini, huanza na hadithi ya Bourakébougou, Mali: kisima cha maji cha mwaka 1987, gesi iliyokuja kupimwa ikakutwa ni haidrojeni kwa takriban asilimia 98. Ni hadithi tamu. Ila data nyingi huharibikia kwenye mita ya kwanza ya udongo.

Umetoboa, kipimo kinasoma sehemu 500 kwa milioni. Tulia kwanza. Keekee ya chuma ikisuguana na udongo wenye unyevu huweza kutengeneza haidrojeni yake. Toboa sentimita 80 hadi mita moja, teremsha mrija, ziba mdomo wa shimo kwa udongo wa mfinyanzi. Mrija wa mita moja wenye kipenyo cha ndani cha milimita 6 unabeba mililita 28 za hewa, kwa hiyo vuta mililita 60 kwa sindano, zimwage, ndipo upime. Rudi baada ya saa chache, kisha kesho yake. Ikipotea isirudi, ishuku keekee. Lakini haidrojeni ya kweli nayo hupanda na kushuka, na bakteria wa udongo huila. Shimo lenye matumaini liachie kipimo kinachojirekodi kwa siku kadhaa.

Gari liegeshwe upande ambako upepo unaelekea. Sensa nyingi za kielektrokemia huchanganya haidrojeni na kaboni monoksaidi ya moshi.

Sampuli zitie kwenye chupa za kioo za mililita 12 zilizofyonzwa hewa, uingize mililita 20, ili kama kizibo kinavuja gesi itoke badala ya hewa kuingia. Mifuko ya plastiki huvujisha haidrojeni, usiitegemee. Maabara waombe watumie gesi ya agoni kusukuma sampuli ndani ya mashine ya kuchambua gesi. Wakitumia heli, upitishaji joto wake unakaribiana mno na wa haidrojeni, na kigunduzi kinachotambua gesi kwa upitishaji joto hakioni tofauti vizuri. Tena utaikosa heli yenyewe, jambo ambalo kwa anayefanya kazi Rukwa, Tanzania, kwenye heli ya ardhini, ni hasara.

Asilimia si mtiririko. Mgodi wa kromiti wa Bulqizë, Albania, gesi yake ni haidrojeni asilimia 84, lakini kilichoshtua wengi mwaka 2024 ni makadirio ya angalau tani 200 kwa mwaka. Kwenye chemchemi yenye mapovu, pindua funeli majini, unganisha na silinda yenye vipimo iliyojaa maji, uhesabu dakika ambazo gesi inachukua kuijaza. Na moto uwe mbali: haidrojeni hushika kuanzia asilimia 4 hewani hadi 75.