Kabla ya Bei, Uliza Jina la Fundi

Wiki hii mmeuliza: mgeni akiwa na siku moja tu katika mji wenu mdogo, mtampeleka wapi akaone sanaa? Mimi ni mkaazi wa Langoni, Lamu, na swali hilo naulizwa mara kwa mara kwa kuwa duka letu liko Usita wa Mui, ile njia kuu ya ndani. Wote nawajibu hivi: nenda utakako, ila popote utakapoingia, kabla hujauliza bei, uliza nani aliyekitengeneza.

Nyumba zetu za sanaa zina tabia moja inayoniudhi. Picha ya rangi ikitundikwa ukutani, hata kama ni ya kijana aliyeshika brashi juzi, ina saini pembeni na kikadi chenye jina. Chini ya picha hiyo hiyo limewekwa kasha la mbao lililojaa nakshi, au kiti cha enzi kilichosukwa kwa kamba, kazi ya kuvunja mgongo, nacho kimeandikwa bei basi. Ukidadisi utaambiwa, "Kazi ya Lamu hiyo." Lamu haichongi! Anayechonga ni mtu, ana jina na baba yake ana jina, na huenda karakana yake iko kichochoro cha pili kutoka hapo.

Wala si kwamba sisi hatuna mazoea ya kutaja mafundi. Mpaka leo utasikia mlango ukiitwa wa Kijumwa, kwa jina la Muhammad Kijumwa, mtu wa hapa hapa aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mchongaji, mwandishi wa khati na mshairi, na kila moja alilifanya kwa ustadi. Mtindo wake umebaki na jina lake. Waliokuja baada yake ndio tumewageuza "kazi ya Lamu".

Basi asubuhi mgeni wangu nampeleka kwanza Nyumba ya Kiswahili, ile ya makumbusho. Ni nyumba ya karne ya 18, na mtu akiingia chumba cha ndani macho yanakimbilia zidaka, safu kwa safu za vijishubaka ukutani, zilizochongwa kwenye plasta ya chokaa. Namwambia asogee karibu, maana ukitazama kutoka mlangoni utadhani ni urembo wa kalibu, vyote sawa. Ukikaribia unaona ua moja limelalia kushoto kidogo, na ukingo mmoja ni mnene kuliko mwenzake. Hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana, ingawa jina lake hatutalijua tena. Kwenye Makumbusho ya Lamu, pale baharini, tunaiona siwa, lile baragumu kubwa la kale, kisha tunapita Ngomeni. Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa gereza hadi 1984, na siku hizi huwekwa maonyesho. Ngomeni hatukai sana, labda kuwe na maonyesho mapya.

Saa zilizobaki nazitumia karakanani. Mchongaji huketi chini, ubao ameubana kwa miguu, mchoro umeshapigwa kwa penseli na bikari. Patasi ziko kando yake, kuanzia pana hadi nyembamba kabisa, naye huziokota bila kuzitazama. Pigo ni dogo dogo la nyundo ya mti, tena hamalizi ua moja akaenda la pili: hukata mzunguko wa maua yote kwanza, ndipo arudi kuchimba ndani, asije akakuta la mwisho halilingani na la kwanza. Muulize kuhusu mfaa, ule mti wa katikati unaozuia mbao mbili za mlango, na utakaa hapo mpaka adhuhuri. Wengi hupenda kuzungumza. Mwengine atanyamaza, naye muache.

Masonara nao wasipitwe. Wanachukua vigae vya vyombo vya kale vya Kichina, wanavisugua na kuvizungushia fedha, vikawa pete na vidani. Kigae ni cha zamani, lakini pete ni ya fundi aliye hai, na maduka mengi yatakusimulia habari za kigae tu.

Jioni, Shela, kijiji jirani. Kwa boti au kwa miguu kufuata ufuo, kutegemea maji yamejaa au yamekupwa. Huko ndiko kwenye nyumba za sanaa zenye kuta nyeupe na taa za kuelekezwa, na tangu 2011 pamekuwa na tamasha la wachoraji, Wakenya na wa kutoka Ulaya, wanaosimamisha turubai zao vichochoroni na ufuoni wakachora watu, punda na majahazi. Nalipenda, sina kinyongo nalo. Watoto wetu wamemwona mtu mzima akihesabiwa ana kazi kwa kuwa anachora. Nataka tu kikadi kile cha jina kishuke ukutani kiwekwe na juu ya kasha.

Wenye maduka wataniambia mteja akilijua jina atamfuata fundi nyumbani na wao watakosa faida yao. Hoja hiyo naielewa, mimi pia ni mfanyabiashara. Lakini anayenunua kasha la kusafirishwa kwa meli hana haja ya kuzungukia vichochoro kutafuta nafuu. Anataka kitu chenye asili ya kusimulia kwao. Jina linapandisha bei. Wachoraji wamelijua hilo zamani.

Ukija, usichague Ijumaa. Kuanzia saa tano hivi mafundi wanafunga kujitayarisha kwa sala, na wengine hawafungui tena mpaka alasiri.