Kumficha binti mwenye mimba Pate: jibu la muuguzi

Ndugu yetu wa Malindi ameeleza kuwa mpwa wake wa kidato cha pili ana mimba ya miezi minne, na kwamba wazee wa nyumba wameamua apelekwe kwa jamaa Pate hadi ajifungue, kwa kuwa wanaona jambo hili ni la adabu wala si la hospitali. Nimekuwa muuguzi katika zahanati moja ya kisiwa hicho kwa miaka 19, na mabinti waliofichwa huko nimewapokea mimi.

Mmoja wao, wa miaka 16, aliletwa na shangazi yake alfajiri, mimba ikiwa ya miezi minane na kliniki hajaikanyaga. Chini ya buibui alikuwa amejikaza tumbo kwa leso, na nilipoifungua nikaona ngozi imebaki na michirizi ya mikunjo yake. Nilipombonyeza mguu kwa kidole palibaki shimo. Kichwa kilikuwa kikimuuma tangu juzi, na presha ilisoma 170 kwa 110, juu mno. Nilimdunga magnesiamu salfeti ili kuzuia kifafa cha mimba, tukatafuta boti ya kumfikisha hospitali ya Amu, mji wa Lamu, lakini maji yalikuwa yamekupwa na Mkanda, mlango wa bahari wa kupitia huko, haupitiki, ikabidi tungoje karibu saa tatu. Hata wakati huo shangazi alikuwa akiniuliza, "Daktari, aibu hii niipeleke wapi?" Binti alipona. Mtoto hakuishi.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Umri huo wenyewe huongeza hatari ya kifafa cha mimba, maambukizi baada ya kujifungua, na watoto njiti au wenye uzito mdogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonwe kliniki mara nane, mara ya kwanza kabla ya wiki 12, kwa sababu ndipo tunapopima presha, damu na mkojo, tukagundua kaswende ambayo penisilini huitibu, na kumwanzishia vidonge vya kuongeza damu. Anayefichwa hukosa yote hayo.

Tena mara nyingi anayefichwa kwa hakika ni mwanamume aliyempa mimba. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haitambui ridhaa ya ngono ya aliye chini ya miaka 18, hivyo wazee wanaotaka kuyamaliza nyumbani huiogopa zahanati kwa kuwa itauliza maswali. Naliona hilo kuwa dhuluma ya pili kwa mtoto yuleyule.

Ndugu yangu, mwambie dada yako ampeleke kliniki wiki hii, papo hapo Malindi, ambako gari la kufika hospitali halingoji maji kujaa. Mama aingie naye chumbani, wapewe kile kitabu cha mama na mtoto, na wasitoke bila tarehe ya kurudi. Shuleni pia nendeni mapema, kwani tangu mwaka 1994 sera ya serikali inamruhusu kurejea darasani baada ya kujifungua.